Shamba la Kwanza Lilikuwa Kaburi

Somo la wiki hii: Imani ya familia iliyotumwa ng'ambo
Soma: Mwanzo 23, Waebrania 11:8-16 na 11:32-40, Wafilipi 2:25-30



Wengi wenu mnajua kwamba familia moja ya kanisa letu inajiandaa kwenda ng'ambo kwa kazi ya Mungu. Baba, mama na watoto wawili. Katika maombi ya Jumatano tuliwaombea kwa nguvu. Tuliomba visa itoke. Tuliomba nauli ipatikane. Tukakemea kila kizuizi uwanja wa ndege. Ilikuwa ibada moto, na sijutii hata ombi moja.

Lakini baada ya ibada, tukipanga viti, yule mama alinijia akaniuliza kwa sauti ya chini: "Pasta, na tukifika kule mtoto akiugua sana? Ama mmoja wetu akifa?"

Nikamjibu haraka haraka: "Dada yangu, kataa hiyo roho ya woga! Mungu amewatuma, hakuna litakalowapata."

Aliitikia "Amina," akachukua mkoba wake akaenda. Ile amina haikuwa na uzito. Na mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimemjibu ili mazungumzo yaishe, si ili asaidike. Wiki nzima jibu langu limekuwa likinirudia. Kwa hivyo somo la leo ni jibu la pili. Ninaliandika kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote tunaotuma watu.

1. Familia iliyokuja kwetu

Shuleni tulifundishwa kuhusu Johann Ludwig Krapf. Tulikariri kwamba alikuwa Mjerumani, alitumwa na shirika la CMS la Uingereza, na alifika Mombasa 1844. Mtihani ukapita, tukamsahau. Tena wengi wetu tunamkumbuka kama mtu mmoja mwenye ndevu. Hatukumbuki kwamba alikuja na mkewe. Jina lake Rosine.

Walioana Misri mwaka wa 1842. Krapf alikuwa amehudumu Ethiopia, akitamani kuwafikia Waoromo. Mwaka wa 1843 wakajaribu kurudi kule pamoja. Wakiwa safarini nyikani, Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto akafa muda mfupi baadaye. Baba yake alimpa jina Eneba, maana yake chozi. Walimzika njiani, wakaendelea na safari. Kisha njia ya Ethiopia yenyewe ikafungwa.

Hebu simama hapo kidogo. Ndoa changa, mtoto amezikwa, mlango umefungwa. Wengi wetu tungesema, "Mungu ametuonyesha kwamba hii safari si yake." Wao walisema hivi: kama huwezi kuwafikia Waoromo kwa njia ya kaskazini, basi tuzunguke kwa bahari, tujaribu pwani ya Afrika Mashariki.

Novemba 1843 wakaondoka Aden kwa chombo cha Waarabu. Ukihesabu miezi, huenda Rosine alikuwa tayari na mimba changa. Upepo ukawa mkali, chombo kikaanza kuvuja, maji yakaingia kuliko walivyoweza kuyatoa. Waliomba. Upepo ukawarudisha upande wa Aden, na karibu na bandari chombo kingine kikaja kikawachukua. Muda mfupi baadaye kile chao kikazama.

Haleluya! Huo ni ushuhuda. Ungetolewa hapa Jumapili, tungepiga makofi mpaka waimbaji wasimame. Na ni haki kupiga makofi, kwa sababu Mungu kweli aliwaokoa. Wakapanda chombo kingine, wakashuka hadi pwani yetu, na Januari 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Sayyid Said akawapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kuwaagiza magavana wake wamtendee mema. Mlango umefunguka! Mei wakaanza makao Mombasa. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike tena. Homa ikaingia nyumbani. Mume akaugua, mke akaugua. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafa. Siku chache baadaye yule mtoto akafa pia.

Kwa hivyo kutoka kuanza makao Mombasa hadi kaburi haikufika miezi mitatu.

2. Mungu yuleyule, imani ileile

Sasa swali gumu. Mungu aliyewatoa kwenye chombo kinachozama, mbona hakuwatoa kwenye homa? Je, imani yao ilipungua kati ya Novemba na Julai?

Fungua Waebrania 11. Tunapenda kuhubiri sehemu ya kwanza. Mstari wa 34 unasema wako waliookoka makali ya upanga kwa imani. Tunasema amina. Lakini endelea kusoma. Mstari wa 37 unasema wako waliouawa kwa upanga. Ni upanga uleule, katika sura ileile. Na mstari wa 39 unawajumlisha wote pamoja: wote walishuhudiwa kwa imani yao. Mwandishi hakuwapanga kwenye safu mbili, wenye imani kubwa huku na wenye imani ndogo kule.

Mimi nilisomea biashara, na akili yangu hupenda kuwaza kama mtu wa leja: umeweka imani kiasi hiki, utarudishiwa usalama kiasi hiki. Hiyo ni bima. Unalipa malipo ya kila mwezi, jambo likitokea unadai. Lakini imani si bima, na Mungu si kampuni ya bima. Imani ni kumjua yule anayekutuma kiasi cha kuendelea kumwamini hata pale ambapo hukuelezwa sababu.

Nisieleweke vibaya. Sisi ni kanisa linaloamini uponyaji, na tutaendelea kuwekea wagonjwa mikono. Lakini Paulo naye aliamini uponyaji, na Mungu alimtumia kuponya wengi. Hata hivyo Epafrodito, mjumbe wa kanisa la Wafilipi, aliugua karibu kufa akiwa naye (Wafilipi 2:27). Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Paulo hakumwambia yeyote kati yao kwamba imani yake ni ndogo. Kuhusu Epafrodito alisema Mungu alimhurumia, na akawaambia Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu.

Ukimwambia mtu aliyefiwa akiwa kazini mwa Bwana kwamba alikosa imani, umemzika mara ya pili yule aliyefariki.

3. Hati ya kwanza ya Abrahamu

Mungu alimwahidi Abrahamu nchi nzima ya Kanaani. Akatoka kwao bila kujua anakokwenda. Akakaa kwenye hema miaka mingi, mgeni katika nchi aliyoahidiwa. Je, unajua ni kipande gani cha kwanza alichokimiliki kwa kukinunua, mbele ya mashahidi?

Mwanzo 23. Lilikuwa kaburi. Sara alipokufa, Abrahamu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli mia nne za fedha, akamzika mkewe humo. Alitolewa bei mbele ya wazee, akapima fedha, shamba likathibitishwa kuwa lake. Kwa lugha yetu tungesema hiyo ndiyo taitodidi yake ya kwanza katika nchi ya ahadi.

Kwa nini hakumrudisha Sara kwao? Kwa sababu Abrahamu aliamini kwamba nchi hii Mungu ataitoa. Mtu hazikwi kwenye nchi ambayo familia yake inapanga kuihama. Lile kaburi lilikuwa ni kama amesema: sisi tumefika, na hatuondoki.

Rosine alielewa jambo hilo. Kabla ya kufa aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika nchi ya Wamijikenda, ili kila anayepita aone kaburi na akumbuke kilichowaleta. Akazikwa hapo. Ukienda Nyali leo, kumbukumbu yao ipo. Shamba la kwanza la ile misheni halikuwa na kanisa wala shule. Lilikuwa na kaburi la mama.

Na Krapf, akiwa bado amedhoofishwa na homa, aliwaandikia waliomtuma. Hakuwaambia wafunge kazi. Aliwaambia kaburi hilo ni ishara kwamba mapambano yameanza upande huu wa Afrika, na kwamba saa ya kuja imefika.

4. Hesabu inayochelewa

Krapf alirudi kwenye meza yake akaendelea kutafsiri. Kadhi mmoja wa Mombasa alimsaidia katika lugha. Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, na Agosti wakaenda kuanza kituo Rabai, wote wawili wakiwa wanyonge kwa homa. Miaka ikapita, waliobatizwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Mwaka wa 1853 afya ya Krapf ilimlazimu kuondoka.

Ningekuwa mhasibu wa CMS wakati huo, ningeandika ripoti fupi: gharama kubwa, wafu wengi, matunda machache, pendekezo ni kufunga tawi.

Lakini Yesu alisema chembe ya ngano isipoanguka katika udongo ikafa, hukaa peke yake (Yohana 12:24). Kazi ya lugha aliyoifanya Krapf iliwasaidia waliomfuata, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Katika sensa ya 2019, zaidi ya Wakenya wanane kwa kila kumi walijitaja kuwa Wakristo. Si kazi ya Krapf peke yake, hapana. Wengi walipanda na kumwagilia, na wengi wao ni Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini wewe unayeshika Biblia ya Kiswahili Jumapili, jua kwamba ilianza kutafsiriwa kwenye nyumba iliyopata msiba wiki chache baadaye. Rosine hakuiona. Walikufa katika imani, wakiziona ahadi kwa mbali (Waebrania 11:13).

Jibu langu la pili

Kwa hivyo, dada yangu, ukiniuliza tena, nitakujibu hivi.

Sijui kama mtoto ataugua. Nitaomba kwa nguvu zangu zote asiugue, na akiugua nitaomba apone, na ninaamini Mungu anaponya. Lakini ninachoweza kukuahidi kwa hakika si kwamba hakuna litakalowapata. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba hakuna litakalowapata ambalo litawatoa mkononi mwake. Na swali lako halikuwa roho ya woga. Lilikuwa swali la mama anayehesabu gharama, na Yesu mwenyewe alituagiza tuhesabu (Luka 14:28). Nisamehe kwa kulikemea.

Tena kuna ahadi nyingine, na hii inatuhusu sisi tunaobaki. Hamtakuwa peke yenu.

Katika Matendo 27, Paulo alikuwa na neno la Mungu kwamba wote watapona. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka, alisema hawa wasipobaki, hamtaokoka (mstari wa 31). Ahadi ya Mungu haikuwapa watu ruhusa ya kuacha kamba. Kwa hivyo tusiimbe "Mungu atatoa" huku tumefunga mifuko. Tunapotuma familia, tuulizane maswali ya kawaida: Wana bima ya matibabu huko waendako? Kuna akiba ya dharura kiasi cha kununua tiketi ya kurudi ghafla? Ahadi za kila mwezi zimeandikwa, ama ni za kinywa tu, zinazopoa baada ya miezi mitatu? Nani atawapigia simu, si kuuliza wameokoa watu wangapi, bali kuuliza kama wanalala? Nani atawaangalia wazazi wao waliobaki kijijini?

Wafilipi hawakumwombea Paulo tu. Walimtumia mahitaji yake zaidi ya mara moja (Wafilipi 4:16), na pia walimtuma mtu. Hiyo nayo ni imani, kwa njia ya mkono.

Ya kutenda wiki hii

Kila ushirika wa nyumbani uchague jambo moja ambalo utalibeba kwa ajili ya familia hii kwa mwaka mzima: ahadi ya fedha, simu ya kila wiki, au kuwatembelea wazazi wao. Liandikwe, na jina la mtu mmoja wa kulifuatilia. Karatasi zirudishwe kwa mweka hazina Jumapili ijayo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, umewahi kumjibu mtu mwenye hofu kwa haraka ili anyamaze? Ungemjibu vipi leo?
2. Soma Waebrania 11:33-38. Ni mistari gani tunayoipenda, na ni ipi tunayoiruka? Kwa nini?
3. Kaburi la Sara lilisema nini kuhusu imani ya Abrahamu?
4. Kuna mtu kati yetu aliyefiwa akiwa katika utumishi, nasi tukamwacha peke yake? Tufanye nini?

Ombi

Baba, tunakushukuru kwa wale waliovuka bahari ili sisi tusikie habari njema, na kwa makaburi waliyotuachia. Wafunike watumishi wako wanaokwenda. Watunze watoto wao njiani na huko wafikapo. Utupe imani ya kukushukuru chombo kinapookoka, na imani ya kukushika mkono nyumba inapoingiwa na msiba. Na utufanye sisi tunaobaki kuwa watu wa kutegemewa. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji Msaidizi