Tusikaze kwa Nguvu Zote

Kwa familia nyingi zilizokimbia vita, pikipiki ya zamani ndiyo inayoleta chakula. Tuitunze. Mwili wa injini ni aluminiamu laini, bolti ni chuma; tukikaza kupita kiasi, nyuzi za tundu hukatika.

1. Tusafishe tundu, tuanze bolti kwa vidole.

2. Tukaze kwa kupishana, kidogo kidogo. Bolti ya milimita 6 hutosheka na nguvu ya kilo 5 mwishoni mwa spana ya sentimita 20.

3. Nyuzi zikikatika, tusilazimishe bolti nene. Fundi atanue tundu, achonge nyuzi mpya kwa tapu, aingize koili ya chuma. Bolti ya kipimo kilekile itashika.

Tujadiliane: Kati yetu nani ana tapu, na tutaitumiaje kwa zamu bila ugomvi?