Lugha ya Programu na Jinsia ya Mtumiaji

Programu ya kompyuta huzungumza na mtu ambaye mwandishi wake hajapata kumwona. Maneno yanayotokea kwenye skrini, kama vile "Hifadhi" au "Neno la siri si sahihi", huandikwa mara moja, kisha husomwa na maelfu ya watu, wake kwa waume. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuyaandika bila kumdhania msomaji kuwa wa jinsia fulani.

Tutazame kwanza lugha za kigeni. Programu ya Kifaransa inayomwarifu mtumiaji kwamba ameunganishwa huandika "connecté" kwa mwanamume na "connectée" kwa mwanamke. Kiingereza nacho kwa kawaida hutofautisha "his" na "her". Kwa sababu ya matatizo ya namna hii, mwaka 2008 mtandao wa Facebook uliwaomba watumiaji waliokuwa hawajataja jinsia yao waitaje. Mwaka 2014 uliwapa pia nafasi ya kuchagua kiwakilishi "they", kisichobainisha jinsia.

Kiswahili hakina taabu hiyo. Sentensi "Amebadilisha picha yake" yamfaa Asha, yamfaa na Juma. Hata hivyo, sarufi yetu isitupumbaze, kwani jinsia isiyokuwamo katika viambishi huweza kujificha katika msamiati.

Mfano ulio wazi ni kitenzi "kuoa". Kwa desturi ya lugha yetu, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Fomu ya kompyuta ikiuliza "Je, umeoa?", mwanamke mwenye mume aweza kujibu "Hapana", naye atakuwa amesema kweli. Lakini kompyuta itamhesabu miongoni mwa wasio na ndoa, na kila hesabu itakayotegemea jibu hilo itapotoka. Hapa kosa la lugha limekuwa kosa la takwimu.

Marekebisho si magumu:

(a) Badala ya "Je, umeoa?", andika "Hali ya ndoa", kisha orodhesha majibu: "Nina ndoa", "Sina ndoa", "Nimefiwa na mwenzi", "Nimetalikiana".

(b) Badala ya "Jina la baba", ikiwa anayetafutwa ni mtu wa kuarifiwa habari za mwanafunzi, andika "Jina la mzazi au mlezi".

(c) Badala ya "Bwana Mtumiaji", andika "Ndugu Mtumiaji", au mtaje mtu kwa jina lake.

Haya hayana maana kwamba jinsia isiulizwe kamwe. Hospitali huhitaji kuijua ili kumtibu mgonjwa. Basi na iulize waziwazi, isiikisie kutokana na jibu la swali jingine.

Zoezi

1. Andika upya maneno haya ya fomu: "Mtumishi ataje jina la mke wake na idadi ya watoto."

2. Chunguza fomu moja itumikayo shuleni kwako. Ni maneno gani yanayomdhania msomaji kuwa wa jinsia moja, na ni taarifa gani zitakazopotoka kwa sababu hiyo?