Utepe Mlangoni

Mtu akiona dalili kwamba wageni wasiojulikana wamo mahali pasipo pao, yampasa kufanya nini? Akinyamaza, huenda wezi wakapata nafasi. Akipiga kelele za "Mwizi!", huenda mtu asiye na hatia akapigwa na watu hata kufa. Jambo hili lataka akili, na habari ya mlinzi mmoja wa Marekani yaonyesha njia.

Mlinzi huyo aliitwa Frank Wills, kijana wa miaka 24. Kazi yake ilikuwa kulinda usiku jumba kubwa la afisi katika mji wa Washington, liitwalo Watergate. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972 alikuwa akizunguka kama desturi yake. Alipofika chini, mahali pa kuwekea motokaa, aliona mlango mmoja umebandikwa utepe wa gundi juu ya ulimi wa kitasa, usipate kujifunga. Wills hakupiga kelele. Aliwaza kwamba yamkini wafanyakazi wa jumba wameuweka ili wapite kwa urahisi, kisha wakausahau. Basi akaubandua, akaenda zake.

Baadaye akarudi kuutazama mlango ule ule. Lo! Utepe mwingine umebandikwa pale pale. Sasa neno lilikuwa jingine. Utepe wa kwanza waweza kusahauliwa. Wa pili haujibandiki wenyewe. Wills hakupanda ghorofani peke yake kutafuta watu, wala hakusema, "Si kazi yangu." Karibu saa 8 usiku aliandika habari katika kitabu cha zamu, akawapigia polisi simu.

Waliokuja walikuwa askari watatu wasiovaa sare. Nguo zao zilikuwa za ovyo ovyo, kama za wahuni. Ng'ambo ya barabara, katika hoteli, palikuwa na mtu aliyewekwa na wale wageni ili awaonye askari wakija. Aliwaona watu hao watatu, lakini kwa sababu ya mavazi yao hakuwadhania kuwa askari. Alipowaonya wenzake kwa simu ya upepo, wakati ulikuwa umepita. Katika ghorofa ya 6, ndani ya afisi za chama cha Democratic, walikamatwa watu watano waliovaa suti kama mabwana wakubwa, na mikononi glovu za mpira. Walikuwa na kamera na vyombo vya kusikilizia maneno ya watu kwa siri.

Uchunguzi ulionyesha kwamba walitumwa na watu waliokuwa wakimpigania Rais Richard Nixon achaguliwe tena, na kwamba Rais mwenyewe alisaidia kuificha habari. Tarehe 9 Agosti 1974 Nixon alijiuzulu.

Habari hii yafundisha mambo matatu. Kwanza, tuhuma hupimwa kwa tendo, si kwa sura wala kwa nguo. Usiku ule wavaa suti ndio waliokuwa wahalifu, na wenye nguo za ovyo ndio askari. Pili, dalili moja yaweza kuwa na maana njema. Ikirudi, yataka kuangaliwa, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, mwenye kutuhumu si hakimu. Wills hakumpiga mtu. Aliwapa habari wenye kazi hiyo. Kama wale wangekuwa mafundi, wangeeleza kazi yao wakaachwa, wala hakuna ambaye angeumia.

Vivyo hivyo mgeni asimamaye usiku karibu na nyumba ya watu huenda amepotea njia. Wenyeji wawili watatu wakimwuliza kwa adabu, "Salaam, ndugu, watafuta nyumba ya nani?", aliyepotea atapata msaada, na mwenye nia mbaya atajua kwamba ameonekana.

Maswali
1. Kwa nini Wills hakuwaita polisi alipouona utepe wa kwanza?
2. Yule mtu wa hotelini alidanganywa na nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kutuhumu na kuhukumu?