Somo la 14: Taa ya Mwanga na Taa ya Joto

Kijiji chetu kiko mteremkoni mwa Mlima Meru. Mwezi wa Julai baridi huwa kali. Asubuhi moja ya Julai 2022, mama mmoja wa darasa letu alifika kisomoni amebeba kikapu. Alikitua mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Somo lako hili hapa."

Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na vifaranga 14, vyote vimekufa.

Wiki iliyotangulia tulijifunza hesabu ya umeme. Niliandika ubaoni kwamba balbu ya uzi inakula umeme mwingi, na taa ya LED inakula kidogo. Nikawaambia wanakisomo wote waziondoe balbu za uzi majumbani mwao. Mama huyu alitii. Alikuwa na vifaranga 50, vya umri wa wiki moja, ndani ya boma dogo la mbao. Juu yao zilining'inia balbu mbili za uzi za wati 60. Alizitoa, akaweka taa mbili za LED za wati 9. Mwanga ulikuwa mzuri, hata uliuzidi ule wa kwanza. Akaenda kulala.

Asubuhi alivikuta vimerundikana kwenye kona. Vya juu vilikuwa hai. Vya chini vilikuwa vimekufa. Siku mbili baadaye vilikufa vingine 9.

Nilichofundisha kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu ya somo. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

KUSOMA BOKSI LA TAA

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Ukienda dukani kununua taa, usimuulize mwenye duka peke yake. Soma boksi.

Utaona namba yenye herufi W. Hizo ni wati. Wati zinaonyesha taa inakula umeme kiasi gani. Utaona pia namba yenye herufi lm. Hizo ni lumeni. Lumeni zinaonyesha taa inatoa mwanga kiasi gani. Watu wengi husoma W tu, kisha hudhani kwamba taa yenye wati nyingi ndiyo yenye mwanga mwingi. Zamani walikuwa sahihi, maana balbu zote zilikuwa za uzi. Leo sivyo.

Balbu ya uzi ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi. Taa ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi. Ya pili inakula kidogo na inaangaza zaidi. Chemli haifikii hata sehemu ya kumi ya mwanga huo, na koroboi iko chini zaidi. Waliosoma kwa koroboi wanajua macho yao yalivyoumia.

UMEME UNAKWENDA WAPI?

Kama balbu ya uzi inakula wati 60 na mwanga wake si mwingi, umeme uliobaki unakwenda wapi?

Fanya jaribio hili. Washa balbu ya uzi kwa dakika kumi. Sogeza kiganja karibu nayo, lakini usiiguse. Utahisi joto. Ndani ya balbu hiyo kuna uzi mwembamba wa chuma. Umeme unapopita, uzi hupata moto mpaka ukang'aa, kama kijiti cha chuma kilichoachwa kwenye makaa. Katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, zaidi ya sehemu 90 hutoka kama joto. Mwanga ni hizo chache zilizobaki. Kwa hiyo balbu ya uzi ni jiko dogo linaloangaza.

Sasa fanya hivyohivyo kwa taa ya LED. Mbele yake hakuna joto kubwa. Kuna joto kidogo nyuma, karibu na kitako chake. Taa hii haina uzi wa kuchoma. Theluthi moja hivi ya umeme wake hutoka kama mwanga, na kwa taa hicho ni kiasi kikubwa sana.

Rudi sasa kwenye boma la vifaranga. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120. Taa mbili za wati 9 ni wati 18. Ndani ya boma, hata mwanga wenyewe ukipiga mbao, maranda na manyoya huishia kuwa joto. Basi tuseme wati zote ziligeuka joto. Bado wati 18 si wati 120. Vifaranga vilinyang'anywa zaidi ya robo tatu ya joto lao kwa usiku mmoja, tena wa Julai. Na sisi hatukuona, kwa sababu macho yanaona mwanga, hayaoni joto.

HESABU YA FEDHA

Wati 1,000 zikiliwa kwa saa moja, hiyo ni uniti moja. Bei ya uniti isome kwenye stakabadhi yako ya LUKU. Hapa tuseme ni shilingi 350.

Kwanza, taa ya sebuleni. Inawaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30. Balbu ya uzi ya wati 60 itakula uniti 9, yaani shilingi 3,150. Taa ya LED ya wati 9 itakula uniti 1.35, yaani shilingi 473 hivi. Tofauti inapita shilingi 2,600 kwa mwezi, kwa taa moja. Tena balbu ya uzi huishi saa 1,000 hivi. Kwa saa 5 kila usiku, hiyo ni siku 200. Taa nzuri ya LED huishi miaka. (Nasema nzuri. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutupa ambazo hazimalizi hata msimu wa mahindi.) Kwa sebule, hakuna ubishi.

Pili, taa za vifaranga. Kwa usiku wa saa 12, wati 120 hula uniti 1.44, yaani shilingi 504. Wati 18 hula uniti 0.216, yaani shilingi 76 hivi. Kwa siku 21 mama angeokoa shilingi 9,000 hivi. Lakini kila kifaranga alikinunua kwa shilingi 2,000. Vilikufa 23. Zidisha mwenyewe.

NYANYA ZA UHOLANZI

Kosa hili si la kijiji chetu tu. Uholanzi ni nchi ya baridi huko Ulaya. Wakati wa baridi jua lake ni dhaifu na mchana ni mfupi. Wakulima wa huko hulima nyanya na maua ndani ya nyumba kubwa za vioo, na hutundika taa juu ya mimea ili ziwe badala ya jua.

Kwa miaka mingi walitumia taa za sodiamu, zenye mwanga wa rangi ya manjano. Moja huweza kula wati 600 au hata 1,000. Zina joto kali, hivyo hutundikwa juu sana, zisije zikaunguza majani. Zilipokuja taa za LED, ilionekana kwamba zinaipa mimea mwanga uleule kwa umeme pungufu, kwa theluthi moja au zaidi. Tena kwa kuwa hazina joto kali, zinaweza kuwekwa hata katikati ya mistari ya nyanya. Wakulima wengi walianza kubadilisha.

Ndipo wakaona jambo ambalo mama wa kikapu angeweza kuwaambia mapema. Nyumba zilipoa. Taa za zamani zilikuwa zikifanya kazi mbili, kuangaza na kupasha joto, na kazi ya pili ilikuwa haijahesabiwa. Ilibidi joto lililopungua liletwe kwa njia nyingine, kama mabomba ya maji ya moto. Hesabu yao ya fedha ikabidi iandikwe upya: umeme uliookolewa, kisha utoe gharama ya joto jipya.

Baba mmoja darasani aliuliza kama naye anaweza kukuza miche ya nyanya ndani ya nyumba chini ya taa ya sebuleni. Nilimjibu hapana. Taa ya sebuleni inatosha kusomea gazeti, haitoshi kulisha mche. Mche utarefuka na kupauka kama uliofichwa uvunguni. Jua letu la saa sita mchana lina mwanga mara mamia kuliko chumba chenye taa, na halina stakabadhi. Taa za mimea ni kwa ajili ya wale walionyimwa jua.

VIFARANGA WANASEMA NINI?

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35. Kila wiki punguza digrii 3 hivi. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakiikimbia taa na kutweta midomo wazi, joto limezidi. Wakikusanyika upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili, uzibe. Wakitawanyika, wakala na kulala hovyohovyo, nenda ukalale na wewe.

Joto laweza kutoka kwenye balbu ya uzi, chemli au jiko la mkaa. Balbu itundike kwa waya imara, shubiri mbili juu ya maranda, maana ikianguka huwasha moto. Ukitumia jiko la mkaa, acha tundu la hewa juu. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na huua vifaranga na mwenye vifaranga. Usilale chumba hicho.

Mama alirudisha balbu zake mbili usiku uleule nilipofika kwake. Taa moja ya LED sasa iko jikoni, nyingine iko sebuleni ambako watoto wanasomea. Mimi nilimnunulia vifaranga 10. Alivipokea, lakini alivihesabu kwanza.

MASWALI

1. Boksi moja limeandikwa 7 W na lm 600. Jingine limeandikwa 40 W na lm 400. Ipi utaweka sebuleni? Ipi utaweka kwa vifaranga? Kwa nini?

2. Mama alipoteza shilingi ngapi kwa vifaranga 23? Toa shilingi 9,000 ambazo angeokoa. Imebaki ngapi?

3. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua yote hutoa joto linalokaribia uniti 10 za umeme. Uliza bei ya lita dukani, soma stakabadhi yako ya LUKU, kisha jadilini darasani: kwa vifaranga vyenu, lipi ni rahisi zaidi, chemli au balbu ya uzi?