SOMO LA KIKUNDI: Mwamuzi Ameitwa na Nani?



Wahenga walituonya tusipeleke kesi ya nyani kwa ngedere. Hilo tunalijua. Lakini je, mwamuzi akiwa mgeni kabisa, hana undugu na yeyote wala hajala hongo? Bado kuna swali la kuuliza.

Huko California, Marekani, Kaunti ya San Bernardino ilitaka kufuta leseni ya mtu aliyekuwa na biashara ya kukanda watu mwili. Ilisemekana kanuni zilivunjwa pale. Mwenye biashara akakata rufani. Sasa kaunti haikuwa na mwamuzi wa kudumu, basi ofisi ya mawakili wake ikatafuta wakili wa nje asikilize shauri hilo, na kaunti ikamlipa.

Mwenye biashara alipinga. Yeye alikuja mbele ya mwamuzi mara hii tu, lakini kaunti ingekuwa na kesi nyingine kesho na kesho kutwa. Mwamuzi akitaka kuitwa tena, atampendeza nani?

Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya California, nayo mwaka 2002 ikakubaliana naye. Na hapa tusome polepole. Majaji hawakusema yule wakili alipendelea. Hawakusema pia kwamba kaunti haina ruhusa ya kuteua mwamuzi, wala kwamba ni makosa kumlipa. Kosa lilikuwa kwamba upande mmoja wa ugomvi ulimchagua peke yake, kwa kesi moja, na kazi yake ya baadaye ilitegemea upande huohuo kumfurahia. Hakukuwa na haja ya kuonyesha kwamba amepotoka. Kishawishi chenyewe kilitosha.

Dawa pia ilitajwa: kuwa na orodha ya mawakili wanaosikiliza kesi kwa zamu iliyopangwa mapema, au aliyeamua kesi asiitwe tena mpaka muda wa kutosha upite.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inampa kila mtu haki ya mzozo wake wa kisheria kuamuliwa na mahakama, au inapofaa, chombo kingine kilicho huru na kisichopendelea.

Turudi kwa chama chetu. Pesa za mzunguko hazionekani, wanachama wananung'unika. Mwenyekiti anamleta mzee anayemfahamu, anampa nauli na chakula cha mchana. Mzee ni mtu mwema, hatukatai! Lakini anajua ni mkono gani uliomwita.

Afadhali mkutano wote uchague wazee watatu wa nje mwanzoni mwa mwaka, kabla hakujawa na ugomvi wowote, majina yaandikwe kwa kitabu, na nauli yao ijulikane. Kesi ikija, anaitwa aliye na zamu.

Maswali ya kujadili:
1. Ugomvi wa mwisho katika kikundi chenu, nani alimchagua mwamuzi? Nauli ilitoka mfuko gani?
2. Kama anayelalamikiwa ni mwenyekiti, nani ataita mkutano?
3. Mzee wa zamu akiwa ni shemeji wa mmoja wao, mtafanyaje?