Dondoo muhimu: Chajio cha kienyeji Amalemba, Kakamega

Piga simu mkahawani mapema. Ingokho, yaani kuku wa kienyeji, ana nyama ngumu na huhitaji saa nzima au zaidi jikoni. Ukitaka kula saa moja jioni, agiza saa kumi na moja. Ukiletewa baada ya dakika kumi bila kuagiza, huenda ni broila au kiporo. Uliza bei ya robo na ya nusu kabla hujaketi.

Usiuruke mrenda. Wengi huudharau eti ni mboga ya nyumbani. Jani hilohilo Wamisri na Walebanoni huliita mulukhiya, na Waturuki wa Kupro hulipika na kuku. Hapa Kakamega mrenda huchanganywa na kunde na kulainishwa kwa munyu, maji yaliyochujwa kwenye majivu. Chovya tonge, uinue taratibu: mrenda mzuri hurefuka kama uzi kisha hukatika. Ukionja ladha ya sabuni, munyu umezidi. Mwambie mpishi waziwazi, bakuli la pili litakuwa bora.

Ugali uwe wa wimbi au mtama, kama upo. Huo mweusi ndio unaoshika mrenda vizuri.

Imondo ni ya mkubwa. Kwa desturi ya Waluhya, firigisi hiyo humwendea baba au mgeni wa heshima. Ukimleta baba mkwe, mkumbushe mhudumu asiisahau sahanini.

Beba mwavuli. Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha jioni.