Mwalimu Mgeni: Wiki za Kwanza za Kufundisha Kiswahili Marekani



Kila mwezi wa Agosti vyuo vikuu vya huku Marekani hupokea walimu vijana wa Kiswahili. Kuna wanaoletwa na mpango wa Fulbright FLTA kwa mwaka mmoja wa masomo, wakifundisha saa zisizozidi 20 kwa wiki huku nao wakisoma. Wengine ni wanafunzi wa shahada za juu wanaofundisha ili walipiwe ada. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku hata hiyo siku ya tatu haijafika, jembe liko mkononi!

Nataka tuzungumzie yale anayoyaona mwalimu mgeni wiki za mwanzo. Macho yake hayamdanganyi. Kinachomponza ni tafsiri, kwa sababu anapima ya huku kwa kipimo cha nyumbani. Na gharama yake si ndogo. Kiswahili huku si somo la lazima. Anayetakiwa kusoma lugha ya kigeni anaweza kwenda zake Kispanyola. Mwanzoni mwa muhula kuna siku za kubadili masomo, na mwanafunzi asiyeridhika huondoka bila kuaga. Darasa likibaki na watu wawili watatu, chuo kinaweza kulifuta.

La kwanza ni heshima. Mwalimu anaingia, hakuna anayesimama. Mmoja anakunywa kahawa, mwingine kakunja miguu juu ya kiti, na wa tatu anamwita mwalimu kwa jina lake la kwanza kana kwamba wamezaliwa mtaa mmoja. Mgeni anasema moyoni, hawa hawana adabu. Kumbe adabu yao iko kwingine: kufika kwa wakati, kumtazama mwalimu machoni na kuuliza maswali. Sisi tuliofundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, wao wanaweza kutuona tunaficha kitu. Lakini si lazima mwalimu aache ya kwao yote. Awafundishe "shikamoo, mwalimu" na "marahaba" siku ya kwanza, aeleze maana yake na nani humwamkia nani. Wataitumia kwa furaha, maana wamekuja kujifunza hayo.

La pili ni maksi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 70 tayari ni A. Huku, katika vyuo vingi A huanzia 90, na 70 ni C. Mwalimu anayempa mwanafunzi hodari 72 kwa moyo mweupe anashangaa kumwona ofisini karibu na machozi. Msimwone mtoto wa watu analialia bure. Pengine msaada wake wa masomo unategemea wastani huo. Kwa hiyo kabla ya kusahihisha, uliza idara ngazi zao, kisha uziandike kwenye silabasi. Karatasi hiyo huku ni kama mkataba: tarehe za mitihani, asilimia za kila kazi, adhabu ya kuchelewesha. Ukibadilisha mambo katikati bila taarifa, watakuuliza. Na zile habari za kubandika matokeo ukutani yakiwa na majina, sahau kabisa. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi.

La tatu ni swali la "kwa nini". Sisi tumekizungumza Kiswahili tangu utotoni, hakuna aliyetuuliza kwa nini tunasema "kiti kimevunjika" lakini "kiongozi amefika", ilhali yote yanaanza na ki-. Mwanafunzi wa huku atauliza, tena mapema. Jibu la "ndivyo tunavyosema" halimsaidii. Mwambie kwamba kiongozi ni mtu, na nomino za watu na wanyama hufuata upatanisho wa a- na wa- hata umbo lake likiwa la ki-/vi-. Kujua lugha na kuweza kuieleza ni kazi mbili tofauti, hivyo kitabu cha sarufi kisikae mbali na kitanda.

La nne ni saa. Ukimwambia mwanafunzi "njoo saa nane" ukiwa na maana ya mchana, yeye anaweza kufika asubuhi akakuta mlango umefungwa. Fundisheni saa za Kiswahili mapema, lakini miadi ithibitishwe kwa saa za huku.

La mwisho ni wanafunzi wenyewe. Usidhani wote wanaanza sifuri. Mmarekani mweusi anaweza kuja akijua umoja, ujamaa, nia na imani, kwa kuwa familia yake husherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966. Pembeni yake atakaa kijana wa wazazi kutoka Kongo anayesema "bintu" badala ya "vitu", na "anasemaka" kwa jambo la kila siku. Ukimcheka mbele ya wenzake, umemwambia kwamba lugha ya mama yake si lugha. Mwambie hivi: hicho ni Kiswahili cha kwenu, nyumbani endelea nacho, hapa tunaongeza Kiswahili sanifu cha kuandikia.

Basi ndugu mwalimu mgeni, wiki hizo za mwanzo uliza kwanza, hukumu baadaye. Waulize waliokutangulia, uliza idara, waulize hata wanafunzi wako. Nasi tulio wenyeji kidogo, tukisikia kuna mwalimu mpya kafika tumwendee, tumwonyeshe duka la unga na kituo cha basi, tumpe na silabasi ya mwaka jana. Darasa lake likijaa, Kiswahili kimepata nafasi ya muhula mwingine hapa chuoni.

Karibuni darasani!